Nilivyojifunza kuongoza manowari bila kugusa usukani

Miaka yangu ya uluteni iliishia kwenye zamu, hasa ile ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri ambayo hakuna anayeigombea. Huko ndiko kanuni za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zilikoniingia mwilini. Chombo cha injini kikikukatiza njia kutoka kuliani kwako, wewe ndiye wa kukipisha. Na kama uelekeo wake kwenye dira haubadiliki huku umbali unapungua, mtagongana, hata kama kwa macho kinaonekana kiko mbali.

Nikapanda: luteni kamanda, kamanda, kisha nikakabidhiwa meli. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Anayesimama zamu sasa ni kijana, wewe umelala, na dhamana yote ni yako.

Nilichoshikilia ni kitabu cha maagizo ya usiku. Kila jioni niliandika kwa mkono wangu njia, mwendo, hali ya hewa inayotarajiwa, na chombo kikipita ndani ya maili ngapi niamshwe. Sikuandika "kuwa mwangalifu". Mtu mchovu saa tisa usiku hawezi kupima neno "karibu", ila maili anaipima. Nikiamshwa bure, nilishukuru nikarudi kulala. Mfokee mara moja tu uone kama atakuamsha tena!

Kufunga gati kulinitoa jasho zaidi. Meli ikienda mbele huzungukia sehemu iliyo karibu theluthi moja ya urefu wake kutoka omo, yaani ncha ya mbele; ikirudi nyuma, sehemu hiyo huhamia upande wa tezi, yaani nyuma. Darasani kila mtu analijua hilo. Likiingiliwa na upepo na mkondo, mkono hulijua kwa kufanya tu. Kwa hiyo niliwaachia vijana. Kabla ya kuingia bandarini tulikubaliana umbali kutoka gatini ambao, tukiufikia kwa mwendo wa kupita kiasi, naichukua meli. Kabla ya hapo, mikono nyuma na mdomo nimeufunga.

"Afande, nipunguze mwendo?" aliwahi kuniuliza mmoja.

"Wewe unaonaje?"

Akapunguza.

Vyeo vilivyofuata, ukapteni na ukomodoro, ni ofisi, sitawachosha. Kinachotawala huko ni hesabu moja: ukitaka meli moja iwe doria wakati wote, unahitaji kama tatu. Moja iko baharini, nyingine iko kwa mafundi, ya tatu inafanya mazoezi ikijiandaa kupokea zamu. Wanaoidhinisha fedha huhesabu meli zote tatu na kuuliza kwa nini mbili zimelala. Mwanzoni niliingia vikaoni kuomba meli mpya. Siku hizi naanza na vipuri na mishahara ya mafundi, na maofisa vijana wanasema uzee umenifanya bahili.