Konsentreta ya wodi ya watoto

Mwaka wa tatu chuoni nilikuwa na karatasi ya kuchagulia kazi, yenye safu tatu: viungo bandia, utafiti wa tishu, vifaa tiba vya hospitali. Safu ya tatu nilishaipiga mstari. Niliiona kazi ya kubadilisha fyuzi tu. Fildi ikanipeleka huko huko, karakana ya hospitali moja ya wilaya.

Asubuhi moja sista wa wodi ya watoto akaleta konsentreta ya oksijeni ya lita 5, mashine inayotoa naitrojeni kwenye hewa ya chumbani ili oksijeni ibaki nyingi, taa ya njano ya onyo ikiwaka. Nikadakia kwamba zeolaiti, zile chembe za kunasa naitrojeni, imekufa, maana ndiyo tuliyosoma darasani: silinda mbili za zeolaiti hupokezana, moja inanasa naitrojeni kwa shinikizo huku nyingine ikiitema.

"Dogo, zeolaiti ndiyo ghali. Anza na cha bure," fundi mkuu akasema.

Tuliiwasha robo saa itulie, kisha tukaweka kipima oksijeni kwenye tundu la kutokea hewa. Kwa lita 5 kwa dakika, asilimia 71. Nzima hutoa kama 93. Ikishuka chini ya 82 haifai. Chujio la sponji mgongoni lilikuwa limegandamana vumbi na nyuzi za mablanketi. Tukaweka la akiba (lililooshwa haliruhusiwi kurudi likiwa bichi, unyevu huua zeolaiti) na kipimo kikapanda hadi 75.

Tukafungua kifuniko, tukapaka povu la sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo cha mipira, mbali na nyaya. Mapovu yakatoka kwenye kiwiko baada ya kompresa: mpira umekakamaa, kibanio kimelegea. Tukachomoa umeme, tukakata sentimita moja ya ncha, tukafunga kibanio kipya. 84.

Hapo ikagoma. Kumbe masika yote ilikaa stoo bila kuwashwa. Unyevu ulishaingia kwenye zeolaiti, na maji huing'ang'ania kuliko naitrojeni. Kwa hiyo sikukosea kabisa, ila ningeagiza silinda mpya na mpira ungebaki unavuja. Kwa lita 2 ilitoa 92, na wagonjwa wachanga wa wodi ile hawakuhitaji zaidi. Fundi akabandika plasta: ISIZIDI LITA 2.

Nikauliza kwa nini chujio liko mgongoni, upande unaosukumwa ukutani.

"Aliyeichora hajawahi kudeki wodi."

Usiku nilitoa ile karatasi. Chini ya safu niliyoipiga mstari nikaandika: chujio likae mbele.