Nyumba moja, meko mengi: chakula cha Waiban

Ukiisoma habari ya nyumba ndefu za Waiban, kabila la Sarawak, jimbo la Malaysia kisiwani Borneo, ni rahisi kudhani wakazi wote wanakula chungu kimoja. Sivyo. Kila familia ina sehemu yake, yaani bilik, ina jiko lake na mpunga wake. Mbele ya milango yote linapita baraza refu lenye paa, ruai, na huko ndiko mikeka hutandikwa watu wakila pamoja, kila bilik ikitoa sahani zake.

Nyama ya porini ina utaratibu wake. Nguruwe akiuawa, hukatwa mafungu na majirani wakapata. Ukarimu upo, lakini hesabu nayo ipo: kabla ya majokofu, familia moja isingemmaliza. Kinachobaki hutiwa chumvi na wali, kikafungiwa kwenye mtungi hadi kichachuke. Hiyo ndiyo kasam. Chumvi ikipungua, nyama inaoza.

Chakula cha wageni hasa ni pansoh, kuku wa kwenye mwanzi. Chagua mwanzi mbichi wa kijani, mnene kama mkono, na uukate chini ya fundo ili fundo hilo liwe kitako. Mwanzi uliokauka hupasuka motoni, na mchuzi wote ukaishia kwenye majivu. Kuku mmoja, aliyekatwa vipande vidogo pamoja na mifupa, huenea kwenye mianzi miwili. Mchanganye na mashina matatu au manne ya mchaichai yaliyopondwa, kipande cha tangawizi na chumvi. Maji yawe kidogo tu, maana kuku atatoa yake. Usishindilie, la sivyo katikati patabaki pabichi. Acha pia nafasi juu, kwa sababu mwanzi uliojaa pomoni hufurika na kuzima makaa. Mdomo uzibe kwa kisamvu, majani mazima yasiyotwangwa. Ndiyo kifuniko na ndiyo mboga. Uegemeze kwenye mti uliolazwa juu ya moto, mdomo juu, kisha ugeuze mara kwa mara kwa muda wa saa moja hivi. Asiyegeuza hutoboa upande mmoja.

Kwenye tuak, pombe ya mchele wa kunata, kosa la kawaida ni haraka. Wali lazima upoe kabisa kwenye mkeka kabla ya kunyunyiziwa chachu iliyosagwa, kwani joto huiua. Chombo chenye mafuta nacho huiharibu.

Yote haya hukutana kwenye Gawai Dayak, sherehe ya mavuno, tarehe 1 Juni, sikukuu rasmi Sarawak tangu 1965. Jioni ya kuamkia siku hiyo, ungo huburutwa ruai nzima na kila familia hutupia kitu isichokitaka, ili kumfukuza antu rua, pepo wa uroho. Baada ya hapo ndipo watu hula. Usiku wa manane hunywewa tuak ya kutakiana maisha marefu.

Kisha huja ngabang, kutembeleana, na hapa mgeni ndipo anapozidiwa: milango ni mingi, na kila mmoja una sahani na glasi. Kukataa kavukavu huhofiwa kuleta puni, balaa la aliyekipa chakula kisogo. Ukishiba, gusa sahani kwa vidole, uviguse midomoni, uendelee na mlango unaofuata.