Ng'ombe wa nyanya walivyonifundisha hipokampasi

Swali lililoniangusha kwenye mtihani wa katikati ya muhula lilikuwa fupi: panya akigeuka kulia akapata chakula, anakumbuka mahali au anakumbuka kugeuka? Nilikuwa nimekariri kwamba hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo, ndiyo inayotunza ramani ya mahali, basi. Nilijua John O'Keefe na mwenzake walieleza seli za mahali, zile zinazoamka panya afikapo mahali fulani, katika ubongo wa panya mwaka 1971, na kwamba O'Keefe alipata Tuzo ya Nobel 2014 pamoja na May-Britt na Edvard Moser. Hayo hayakuulizwa.

Wikendi nikaenda kwa nyanya, Luanda. Jioni akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu nenda uwalete ng'ombe."

Kila siku hupanda kutoka mtoni, na kwenye njia panda yenye mvule hukata kulia hadi zizini. Siku hiyo walichungwa juu, kando ya barabara, kwa hiyo tulifikia njia panda kwa upande wa pili na zizi likawa kushoto. Mtamba aliyenunuliwa majuzi akakata kushoto. Ng'ombe mkongwe, aliyezalia pale mara sita, akageuka kulia bila kusita, akaingia mahindi ya jirani.

Nilipokwisha kumtoa na kuomba radhi, nilichora msalaba wa jivu uani, nikaweka punje ya maharagwe kwenye mkono mmoja, nikasoma upya jaribio la watafiti Packard na McGaugh la 1996, lililotumia njia zenye umbo hilohilo la msalaba. Panya walizoeshwa kuanzia upande uleule na kupata chakula kwenye mkono uleule, kisha wakajaribiwa wakitokea upande wa pili. Siku ya 8 wengi walikwenda pale pale penye chakula. Hipokampasi ikitiwa ganzi, hawakuchagua tena hivyo. Siku ya 16 wengi waligeuka vile walivyozoea, na hiyo ni kazi ya kaudeti, sehemu nyingine iliyo ndani ya ubongo. Kilichonishika ni hiki: kaudeti ilipotiwa ganzi siku hiyo ya 16, panya walirudia kwenda mahali. Mazoea yalikuwa yameifunika ramani, lakini bado ilikuwepo.

Ng'ombe wawili si utafiti, na huenda mtamba alifuata harufu tu. Hata hivyo kesho yake tuliwapitisha juu tena. Nyanya alisimama kulia na fimbo yake, akamzuia mkongwe. Ng'ombe akatulia, masikio yakicheza, akainua kichwa kuelekea zizini. Kisha akakata kushoto.

Mtihani wa mwisho ulileta swali lilelile kwa sura nyingine. Kabla ya kuandika neno lolote, nikachora msalaba.