Kuruta wa Pongwe

Nyumba ya pili kutoka kwetu, Pongwe, Tanga, alipanga afande mmoja aliyefuga bweha. Wakata mkonge walikuwa wamechoma pori, wakakuta shimo la bweha; watoto wake wengine walikufa kwa moshi, akabaki huyo mmoja. Afande akamlea kwa maziwa ya mbuzi na chupa ya mtoto, akamwita Kuruta.

Nikimsimulia Kuruta, wengi hudhani nasema mbwa mwitu. Hapana. Mbwa mwitu ana mabaka na huwinda kwa kundi. Kuruta alikuwa bweha miraba, mwenye mstari mweupe ubavuni na ncha ya mkia nyeupe, mnyama anayekula panya, wadudu, mizoga, hata matunda. Maembe yaliyodondoka uani kwetu aliyala yeye, akatuachia kokwa. Usiku alilia kama bundi, na mama alikuwa akiamka kusoma Ayatul Kursiy.

Nilimpenda kupita kiasi. Nikitoka shule alinifuata mpaka kwenye bomba la maji, akinivuta sketi.

Lakini alipokomaa, mtaa ulikosa raha. Samaki walitoweka jikoni, kandambili zikaokotwa vichakani zimetafunwa. Kisha akaingia banda la kuku la bibi jirani, usiku mmoja akamaliza matetea yote. Asubuhi bibi akafunga manyoya kwenye kanga, akaenda kituoni. Aliyemkuta kaunta ni Afande mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekuja kushtaki."

Afande akaangalia yale manyoya, akaweka kalamu chini. "Kesi hii siwezi kuiandika mimi, bibi. Mtuhumiwa ndiye mimi." Akamwita mwenzake aje kuchukua maelezo. Bibi alilisimulia hilo kila barazani, na mpaka leo namheshimu Afande kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Jioni ile Kuruta akafungwa mnyororo. Hakuwahi kuujua. Aliuzunguka mwarobaini usiku kucha, shingo ikachubuka. Kesho yake nilimpelekea embe kama kawaida, akaniuma kiganja.

Mama aliniosha kwa sabuni chini ya bomba, maji yakitiririka, kwa muda niliouona mrefu mno. Hospitali ya Bombo wakanichoma sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa ule dalili zikishaanza hakuna dawa ya kukuponya.

Bwana mifugo akaja, na bwana nyama, afisa wa wanyamapori, nyuma yake. Mimi niliomba Kuruta afungiwe siku 10 aangaliwe, kama walivyofanyiwa mbwa wa mtaani. Bwana mifugo akachuchumaa, akanieleza taratibu: zile siku 10 ni za mbwa na paka, maana kwao inajulikana virusi hutoka mateni muda gani kabla ya dalili. Kwa bweha hesabu hiyo haipo. Njia ya kujua ni kumuua na kupima ubongo.

Nilimlilia Afande amtoroshe usiku. Hakunikemea. Alisema tu, "Nikimtorosha, mwanangu, akamuuma mtoto mwingine huko?"

Bwana nyama yeye alikuwa na lake. Mnyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali, uwe raia au uwe na magwanda. Afande alikubali kila neno. Naamini hakukosea kumwokoa kwenye moto ule. Ila maziwa yalipokwisha, pale ndipo alipotakiwa kumkabidhi kwa wahusika, angali mdogo, bado ana nafasi ya kufundishwa pori. Kuruta hakuvunja sheria yoyote. Aliishi kama bweha mahali ambapo bweha hapaswi kuishi.

Kila tarehe ya sindano Afande ndiye aliyenipeleka Bombo kwa daladala, nauli yake. Hatukuzungumza sana.

Majibu ya maabara yalirudi: Kuruta hakuwa na kichaa. Afande alikuja kutuambia mwenyewe. Mama akashukuru Mungu kwa sauti, mimi nikakimbilia chumbani nikalia kwa hasira. Kesi ya kufuga bila kibali haikufutwa kwa majibu hayo. Afande alilipa faini, na matetea ya bibi aliyalipa kabla hata hajadaiwa.