Misumari tisini ya uani kwetu

Msumari uliomchoma binti yangu ulikuwa umechomoza kiasi cha ukucha tu. Kichwa kilishakatika kwa kutu, kikabaki kijiti chenye ncha. Ukisimama huuoni, maana nyasi zetu bandia zina urefu wa sentimita tatu na hufunika kila kitu. Ana miaka minne, alikuwa anamkimbiza kaka yake pekupeku, kama watoto wote wa huku Sahare, Tanga.

Zahanati nesi hakuanza na habari ya kutu, alitaka kadi ya kliniki. Akanieleza kuwa vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na hupenda kidonda chembamba kilichozama, hata kama msumari ni mpya unang'aa. Chanjo zake zote alishapata. Nikashusha pumzi.

Usiku ule mimi na baba watoto tulifunua zulia la nyasi hizo kwa tochi. Fundi alikuwa ametumia misumari ya kawaida ya inchi tatu, kila hatua mmoja, akaipigilia kwenye mchanga mtupu. Hapa upepo wa bahari hauachi chuma kipumzike, na mchanga wenyewe haushiki kitu. Mvua ya masika ikishapita, msumari unapanda wenyewe taratibu. Nilimlipa yule fundi bila kumuuliza hata swali moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kung'oa tuling'oa yote. Misumari mizee tuliitia kwenye kopo la Blue Band, tukawa tunaihesabu kila mmoja, kisha tukapitisha sumaku ya spika mbovu juu ya mchanga. Ilinasa vichwa vinne ambavyo macho yetu yaliviruka.

Eneo ni mita 4 kwa 5. Tulichimba, tukamwaga kokoto ndogo, juu yake vumbi la kokoto, tukamwagia maji na kushindilia mpaka kisigino hakiachi alama. Hapo msumari una mahali pa kung'ata. Jirani alitushauri tuzungushie mbao pembeni ili tupigilie humo. Nikakataa, maana mchwa wa mtaa huu nawajua. Tukajenga ukingo wa tofali kwa saruji, ukalala chini kidogo ya usawa wa nyasi, mtoto asijikwae.

Kabla ya kufunga chochote, tulilitandaza zulia juani toka asubuhi hadi alasiri lijinyooshe. Ukilifunga likiwa bado na mikunjo ya robota, baadaye litavimba katikati, na uvimbe huo ndio unaoangusha watoto. Kukata tulikata kwa upande wa mgongo, kati ya mistari ya mshono, kwa kisu kikali.

Misumari safari hii ni ya inchi sita, iliyochovywa zinki, niliyoinunua Ngamiani. Kila sentimita 20 pembeni, mmoja. Mzunguko ni mita 18, kwa hiyo ni misumari 90, na namba hiyo nimeiandika kwa makaa ukutani. Unapopigilia, tenganisha nyasi kwa vidole kwanza, gonga mpaka kichwa kilale sawa na kitambaa, usikizamishe zaidi kikaacha shimo, halafu zirudishe nyasi juu yake. Kazi hii inachosha mgongo, lakini usimwachie mtu mwenye haraka.

Katikati, vipande viwili vinapokutana, sikutaka msumari hata mmoja. Hapo ndipo watoto wanapoangukia wakicheza. Tulitandika utepe wa kuungia chini, tukapaka gundi ya nje isiyoogopa maji, nyasi za pande zote zikitazama upande mmoja, tukaweka matofali juu usiku kucha. Mwisho tukanyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa na kuufagia uingie ndani, uzito wake unasaidia kulilaza.

Saa saba mchana hawaruhusiwi kutoka pekupeku. Plastiki ile ikipigwa na jua la Februari inaunguza nyayo kweli, hata baada ya kumwagia maji joto hurudi upesi.

Kila Jumamosi kabla ya chai nazunguka ukingo nikipapasa kwa kiganja, kinyume cha nyasi zinavyolala. Kijana wangu anahesabu kwa sauti. Jumamosi iliyopita, karibu na bomba, alipofika 61 nilisikia kichwa kimeinuka kidogo. Akakimbia kuleta nyundo kabla sijamwambia.