Nilivyohama chuo cha jamii kwenda Berkeley

Usiku mmoja wa Oktoba 2022 nilikuwa nimeketi sakafuni, nimeegemea kitanda, kompyuta mapajani, nasoma ukurasa ule ule kwa mara ya tatu. Ulikuwa ukurasa wa ASSIST, tovuti inayoonyesha kozi ipi ya chuo cha jamii inahesabika kuwa kozi ipi ya chuo kikuu hapa California. Upande wa kushoto palikuwa na kozi ya Berkeley, moja ya kampasi za Chuo Kikuu cha California: Math 54, inayochanganya aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi. Upande wa kulia palikuwa na kozi mbili za chuo changu, na katikati yao neno moja: NA. Haikuwa AU. Ilikuwa NA.

Mimi nilikuwa nimesoma moja tu. Mshauri wa masomo aliniambia aljebra ya mstari inatosha, nikaitikia, nikaenda zangu. Siku za kutuma maombi zilikuwa zimebaki chache.

Nimeanza na usiku huo kwa sababu kila mtu anayeniuliza habari za kuhama chuo huniuliza kuhusu insha. Insha ni muhimu, nitaifikia. Lakini kuhamia chuo kigumu kuingia ukiwa katikati ya shahada ya kwanza huamuliwa zaidi na kozi ulizojiandikisha muhula wa kwanza, wakati hata hujafikiria kuhama.

Nieleze kidogo mfumo wenyewe. California ina Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960, uliogawa kazi kati ya vyuo vya umma. Vyuo vya jamii, vya miaka miwili, hupokea karibu kila anayetaka kusoma. Chuo Kikuu cha California, ambacho sote tunakiita UC, huchukua wachache waliofaulu vizuri zaidi, lakini kina wajibu wa kuwaachia nafasi wanaotoka vyuo vya jamii kuingia mwaka wa tatu. Lengo la UC ni kwamba kwa kila wanafunzi wawili wapya wa mwaka wa kwanza, aingie mmoja wa kuhamia. Vyuo binafsi vyenye majina makubwa haviko hivyo. Princeton ilifunga kabisa mlango wa wanaohama mwaka 1990, ikaufungua tena mwaka 2018. Harvard nayo iliwahi kusimamisha kwa miaka miwili kuanzia 2008. Kwa hiyo mtu akisema anataka kuhamia "chuo kikubwa", mimi humuuliza kwanza ni kipi, maana kuna mahali palipojengewa njia na kuna mahali unapobisha hodi tu.

Na njia ya kuhama chuo imepitiwa na wengi. Barack Obama alianza masomo Occidental, chuo kidogo cha Los Angeles, akahamia Columbia mwaka 1981. Mama yangu nilipomwambia nataka kuhama aliniuliza kwenye simu, "Sasa mwanangu, huko ulipo umefukuzwa?" Nikamwambia habari ya Obama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi soma."

Ili uingie UC ukitokea chuo cha jamii unahitaji yuniti (vipimo vya uzito wa kozi) 60 za mfumo wa mihula, au 90 kama chuo chako kinaenda kwa robo za mwaka. Nilizipata. Nilimaliza pia IGETC, lile fungu la masomo ya jumla ambalo tangu msimu wa vuli wa 2025 limepokewa na Cal-GETC. Nilikuwa na wastani wa alama mzuri. Kilichokosekana ni hicho kipande cha Math 54, na kwa mtu anayeomba hisabati hicho si kipande cha kukosa. Kozi za maandalizi ya fani yako zinatakiwa ziwe zimekamilika kufikia mwisho wa muhula unaotangulia kuhama. Nilikuwa na muhula mmoja tu mkononi.

Nilipofungua usajili, darasa la milinganyo tofautishi lilikuwa limejaa. Nikaingia kwenye orodha ya kusubiri, namba tisa. Kwenye fomu ya UC kuna sehemu ya kuandika kozi unazosoma sasa na unazopanga kusoma. Nikaiandika kama kozi niliyopanga, huku tumbo likinisokota, kwa sababu ukishaiandika unakuwa umeahidi. Dirisha la kutuma maombi lilifungwa tarehe 30 Novemba. Nilituma tarehe 28.

Darasa lenyewe lilikuwa la usiku, mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza viti vilijaa, sisi wa orodha ya kusubiri tukasimama ukutani. Niliweka daftari juu ya mkono wa kushoto nikaandika nimesimama kwa saa nzima. Siku ya pili tukapungua, nikapata kiti karibu na mlango. Wiki ya pili profesa aliita majina ya waliokuwa wamehudhuria kila kipindi, akatupa kila mmoja karatasi ndogo yenye namba ya kujiandikishia. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Imebanwa ndani ya daftari la muhula ule.

Sasa insha. Kwa anayehamia UC ni majibu manne, kila moja lisizidi maneno 350. Swali moja ni la lazima: umejiandaaje kwa fani unayoiomba? Mengine matatu unachagua kati ya saba. Rasimu yangu ya kwanza niliipenda sana. Ilisema Berkeley ina wanahisabati wakubwa, ina maktaba, ina historia. Nikampelekea profesa wangu wa kalkulasi, mzee mmoja mpole ambaye husoma kila kitu akiwa na kalamu mkononi. Aliirudisha haina hata alama moja ya kalamu. Akaniambia, "Umekisifu chuo vizuri. Wewe uko wapi humu ndani?"

Nilikaa siku mbili sijui niandike nini. Halafu nikamkumbuka mama mmoja.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo cha hisabati cha chuo, nawasaidia wanaorudia masomo ya msingi. Mwanafunzi mmoja, mama wa umri wa mama yangu, anayesoma baada ya kazi, aliniuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya. Nikamwambia ndiyo kanuni. Akaniambia, "Mwanangu, kanuni naijua. Nimekuuliza kwa nini." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefaulu kalkulasi yote mpaka ya vigeu vingi, na sikuwa na jibu la swali la shule ya msingi. Nilikwenda nalo nyumbani. Baada ya muda nikagundua unaweza kuanzia kwenye sifuri: moja ukijumlisha na hasi moja unapata sifuri, na sifuri mara hasi moja ni sifuri. Fungua mabano. Hasi moja mara moja ni hasi moja. Ili jumla ibaki sifuri, hasi moja mara hasi moja haina budi kuwa moja. Hakuna namna nyingine. Nilimrudishia Jumanne iliyofuata kwenye karatasi, akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya kila alama, kisha akasema, "Haya, hapo sawa."

Hiyo ndiyo niliyoandika. Niliandika kwamba nilitaka kwenda mahali ambapo swali la yule mama ndilo somo lenyewe, na kwamba kozi za aina hiyo chuo changu hakina, kwa sababu vyuo vya jamii kwa kawaida hufundisha miaka miwili ya mwanzo tu. Nadhani hapo ndipo insha nyingi za kuhama huanguka: mwombaji anaonyesha jinsi anavyokipenda chuo anachokwenda, au jinsi alivyochoshwa na alichopo, na msomaji haoni ni kitu gani cha masomo kimefika mwisho pale na kinahitaji kuendelea hapa. Nilihakikisha pia sikukisema vibaya chuo changu cha jamii. Ndicho kilichonilea.

Niliripoti kila kitu, hata kozi ya kemia niliyoiacha muhula wa kwanza ikabaki na W, alama ya kujitoa, kwenye transkripti, ile rekodi rasmi ya alama. Usifiche W. Fomu inataka kila chuo ulichopitia na kila kozi uliyojiandikisha, na baadaye transkripti rasmi italinganishwa na ulichoandika. Januari kuna fomu ya pili ya kusahihisha taarifa, unaweka alama za muhula uliomalizika na mabadiliko ya kozi. Watu wengi huisahau wakidhani kazi iliisha Novemba.

Sikuweka mayai yote kapu moja. Kuna mpango unaoitwa TAG, ambao kampasi sita za UC, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, hukuhakikishia nafasi ukitimiza masharti yao. Unachagua kampasi moja tu na unaomba Septemba, kabla ya maombi yenyewe. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Mimi niliweka Davis, na nawaambia kwa moyo wote, ule usingizi niliolala majira yale ya baridi ulitoka kwenye TAG ya Davis. Niliomba pia chuo kimoja binafsi, ambako walitaka barua za maprofesa, matokeo ya sekondari na ripoti ya alama za katikati ya muhula. Kilinikataa kwa aya mbili. Nilisikitika siku nzima, kesho yake nikaenda darasani.

Jibu la Berkeley lilitoka Aprili. Nilifungua nikiwa kwenye ngazi za nje za jengo la sayansi, dakika kumi kabla ya mtihani mdogo wa milinganyo tofautishi. Nilisoma neno la kwanza la pongezi nikafunga simu, nikaingia kufanya mtihani, na nilipotoka ndipo nikasoma barua yote. Ilisema wazi kwamba nafasi ile inategemea nimalize kozi nilizoziorodhesha. Ile namba tisa ya orodha ya kusubiri ilinipitia kichwani nikakaa chini kwenye nyasi.

Kilichofuata hakizungumzwi sana na ndicho ningependa kukizungumza zaidi. Ukihamia UC, alama zako za chuo cha jamii hazihesabiwi kwenye wastani wako mpya. Yuniti zinahama, wastani hauhami. Miaka miwili ya kujenga jina, kisha unaamka Agosti huna alama hata moja. Wenzako wa mwaka wa tatu wameshajua profesa gani wa kumfuata, wana vikundi vya kusoma, wameshafanya utafiti. Wewe una mihula minne tu, na wa kwanza ndio huo wa kutafuta darasa liko jengo gani.

Nilijiandikisha Math 104, uchambuzi wa namba halisi, muhula ule ule wa kwanza. Mtihani wa kwanza nilipata 41 kwa 100. Swali moja lilitaka tuthibitishe kwamba mfuatano wa namba wenye kikomo, yaani unaosogelea namba moja, hauwezi kuwa na namba zinazokua bila mpaka. Nilijaza ukurasa mzima wa hesabu. Msahihishaji alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya mstari wangu wa tatu: "Kwa nini?" Mstari wa tano: "Kwa nini?" Mstari wa sita, tena. Nilisimama kwenye korido ya Evans, jengo la hisabati, nikiwa na karatasi ile, nikasikia sauti ya yule mama wa kituo cha hisabati.

Nilijua kukokotoa. Kuthibitisha sikujua. Hilo halikuwa kosa la chuo changu cha zamani, maana kozi za mwaka wa kwanza na wa pili popote pale huwa zinafundisha zaidi kukokotoa, lakini aliyeanzia Berkeley alikuwa amepata miaka miwili ya kuona uthibitisho ukiandikwa ubaoni na mimi sikuwa nayo. Nilianza kwenda saa za ofisi za profesa kila wiki, hata wiki ambazo sikuwa na swali. Nilikaa nikasikiliza maswali ya wengine. Nilijiunga na wanafunzi watatu, wawili wao waliohama kama mimi, tukawa tunaandika uthibitisho mmoja mmoja ubaoni na mwingine kazi yake ni kuuliza kwa nini mpaka aishiwe. Mtihani wa mwisho swali kama lile lilirudi kwa sura nyingine. Nililimaliza kwa mistari saba.

Kama ningeweza kurudi nyuma ningebadili kitu kimoja: muhula wa kwanza ningechukua kozi tatu badala ya nne. Wanaohama tunakuja na haraka ya kuthibitisha kwamba hatukuingia kwa bahati, na haraka hiyo inatugharimu.

Wiki hii nina miadi ya simu na binti mmoja anayesoma kwenye chuo changu cha zamani, anataka kuomba fizikia. Nimemwambia awe na orodha ya kozi zake zote mbele yake, pamoja na zile alizoziacha, na tufungue ASSIST sote wawili kwa wakati mmoja. Tutaanza upande wa kulia, tukitafuta kila palipoandikwa NA.