Siku moja kabla ya mlango wa Singapore

Nyumbani Tanga nikisema mimi ni afisa wa pili kwenye meli ya mizigo, swali huwa lile lile: "Kwa hiyo wewe ndiye unayeshika usukani?" Usukani anashika baharia, na bahari kuu unajishika wenyewe. Kazi yangu ni kuichorea meli njia, gati hadi gati, kabla haijapita. Juzi nilikuwa naichorea njia ya kupita milango-bahari ya Malacca na Singapore. Tumbo limejaa madini ya chuma, na sehemu ya chombo iliyo chini ya maji ni mita 18.2.

Saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri ni zamu yangu: meli mbili, mvua moja, vikombe vitatu vya kahawa. Nikalala.

Saa 4 asubuhi niko kwenye meza ya ramani. Mstari wenyewe unachorwa kwa dakika chache, kompyuta inasaidia. Kinachokula siku ni kuuhoji. Meli ya karibu mita 290 haigeuki pale unapoigeuza, kwa hiyo kila kona naandika ni wapi hasa usukani ukatwe, mapema, kabla kona haijafika. Phillip Channel, pale njia inapobana, upana haufiki hata maili mbili za baharini. Ukitoka hapo unaingia Batu Berhanti, ambako mkondo ukitoka tezi, yaani nyuma ya meli, unakusukuma na kona bado hujaimaliza. Naweka alama mahali ambapo ukishapita huwezi tena kurudi, na kabla ya hapo sehemu za kutia nanga, kama injini itagoma. Naandika chaneli za redio kwa herufi kubwa, 73, kisha 14, kisha 10, kwa sababu usiku wa manane hakuna anayekumbuka. Naandika pia: taa tatu za kijani zilizopangwa wima ni meli inayokatiza njia. Usiku kule, nyuma yake kuna mji mzima unaowaka taa, na hizo tatu zinapotea kirahisi.

Halafu kina. Babu yangu, nahodha wa jahazi la Pemba, alikuwa akitupa bildi, kipande cha madini ya risasi cha kupimia kina, kilichopakwa mafuta chini ili kipande na mchanga, akanusa, akajua yuko wapi. Mimi nina jedwali la maji kujaa na kupwa. Meli ikienda kwenye maji machache hujididimiza, tunaita skwati, na kwa mwendo wa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, yangu ni kama mita 1.2. Kanuni ya mlango huu inataka meli nzito kama yetu ibaki na mita 3.5 za maji chini ya mkuku, uti wa chini kabisa wa meli, wakati wote. Jumlisha: mita 22.9. Pale penye kina kidogo kuliko kote kwenye njia yangu, ramani peke yake haitoshi. Sentimita zilizobaki nakopa kwa maji kujaa, na deni hilo lina saa yake. Tufike saa hiyo au tusubiri.

Saa 6 mchana, zamu tena. Saa 8 na ushee simu ya setilaiti ikalia. Nahodha amelala, alikesha. Mkubwa mmoja wa ofisini.

"Chombo cha kuwajazia mafuta kimewahi. Tunataka mfike mapema kwa saa tatu."

Nikamwambia mpango umefungwa kwenye maji kujaa.

"Si ubadilishe tu saa kwenye kompyuta? Ni namba moja."

Namba moja! Nikavuta pumzi, jicho kwenye rada maana bado niko zamu, nikaanza kumweleza kama namweleza mtoto wa darasa la tatu. Ili tuwahi kwa saa tatu lazima twende noti 13.5. Skwati haipandi sawasawa na mwendo, hupanda kwa mraba wake, ile mita 1.2 inapita 1.5. "Basi punguzeni mkifika hapo." Sawa, tutapunguza. Na maji? Saa tatu kabla, maji bado yanajaa, sentimita zangu hazijafika. "Meli nyingine mbona zinapita?" Zina mzigo mwepesi, bwana. Kimya. Kisha akasema, kwa upole wa kukera, nimwandikie hesabu yote kwa barua pepe "ili tuone kama kuna nafasi."

Kwa hiyo nilipotoka zamu saa 10 jioni, badala ya kulala, nikakaa tena. Nilijua jibu. Nikapiga hesabu ya noti 13, 13.5, 14, kila moja na maji yake, kila moja inagoma. Wali ukapoa. Mpishi Mfilipino alinifunikia sahani bila kuuliza. Nadhani ilikuwa saa moja, au mbili, Nahodha alipopanda, akasoma kurasa zangu mara mbili, akaweka kidole kwenye ile 22.9, akaiandikia ofisi mstari mmoja: tunafika kwa saa yetu. Kisha akasaini mpango. Sitadanganya, nilisimama pale nikiutazama ule wino kama kijana aliyepewa cheti.

Nililala kwa muda wa saa mbili na nusu tu. Jedwali la mapumziko lina safu yake, nikaandika nilichopata.

Saa 6 usiku nikarudi zamu. Upande wa Sumatra rada ilikuwa imeanza kutoa vipele: wavuvi, wengine bila taa hata moja. Baharia wangu akaanza kuwahesabu kwa sauti. Alipofika 31 akaacha, akaenda kuchemsha maji ya kahawa.